Mafuvu Mawili Njia Panda ya Oldupai

  Sogeeni karibu na redio, na karatasi hii iwe mbele yenu. Mwenye macho mazito akae upande wa taa. Mimi nitasema, nanyi mtafuata kwa kidole. Nikienda haraka msihangaike. Maneno yote yamechapwa hapa, na kesho mtayarudia pamoja na mwalimu wenu.

Nianze na chupa ya dawa ya pamba. Hapana mkulima wa Dutwa asiyewahi kuishika. Kwenye karatasi yake kuna picha ya fuvu, na chini ya fuvu mifupa miwili imepishana. Wengi wenu mliisoma picha hiyo kabla hamjaijua hata herufi moja. Yasema: hii ni sumu, usinywe, iweke mbali na watoto. Mlisoma vema.

Leo nataka kuwapeleka penye mafuvu mengine. Ni mawili, yamekaa juu ya jukwaa kubwa kando ya barabara, mahali pakavu pasipo mti wa maana. Kila moja lina kimo cha mtu mrefu, kama futi 6, na uzito wake wapita tani 2. Msafiri huyaona akiwa bado mbali. Mtu aliyejifunza kusoma kwenye chupa ya dawa ya pamba aweza kuyaona akadhani anaambiwa arudi nyuma. La. Mafuvu haya yasema: geuka hapa, njoo uone.

Yako wapi? Yako katika Hifadhi ya Ngorongoro, njia panda ya kwenda Bonde la Oldupai. Toka hapa Dutwa, shika barabara ya lami mpaka Lamadi. Hapo unaingia barabara kuu ya Mwanza na Musoma, unaelekea upande wa Musoma, na baada ya muda mfupi unaliona lango la Ndabaka upande wa kulia. Hilo ni lango la Serengeti la magharibi. Ukipita hapo unafuata ile sehemu ndefu ya hifadhi iliyo kati ya mto Grumeti na mto Mbalageti, mpaka Seronera, katikati ya Serengeti. Ni safari ya saa nyingi. Chukueni maji na michembe ya kutosha, maana njiani hakuna mama lishe.

Kutoka Seronera mnaelekea kusini, mpaka kilima cha Naabi. Hapo ardhi inabadilika, na mtu wa Dutwa ataona mara moja. Miti inakwisha. Ni majani mafupi tu, mbele na nyuma, mpaka macho yachoke. Msidhani watu wameikata. Zamani sana milima ya moto ya Ngorongoro ilitema majivu, upepo ukayaleta, yakatandazwa juu ya nchi yote hii. Mvua ikayalowesha, jua likayakausha, na chini ya udongo likafanyika tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Majani yana mizizi mifupi, yanaishi juu yake. Mti unataka kushuka, hauwezi, basi unakufa ungali mdogo.

Kadiri mnavyoendelea mbele, ukavu unazidi. Ile milima mirefu ya Ngorongoro imesimama upande wa mashariki, na pepo za mvua zinatoka huko huko mashariki. Zinapopanda mlima zinamwaga maji yao upande wa pili. Zinapofika upande huu zimebaki upepo mtupu. Sisemi kwamba ni jangwa kamili, kwa maana Wamasai wamechunga ng'ombe huku tangu zamani. Lakini wakati wa kiangazi vumbi huwa jeupe, na mtu akivua kofia nywele zake zimekuwa za mzee. Kidogo upande mwingine wa bonde kuna hata kilima cha mchanga mweusi wa volkano ambacho upepo unakisukuma polepole, kila mwaka mita kadhaa, kama mnyama anayehama.

Katikati ya ukavu huo ndipo yalipo mafuvu yetu.

Yalisimamishwa mwezi wa Julai, mwaka 2019. Kwa nini? Sababu ni rahisi kabisa, nami naipenda kwa urahisi wake. Magari ya watalii yanapita barabara hii kila siku, kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti kutazama simba. Yalikuwa yakipita njia panda ya Oldupai kama tunavyopita njia ya kwenda kwa mtu tusiyemjua. Kumbe kilomita chache tu kutoka barabarani kuna mojawapo ya mahali mashuhuri kabisa duniani kwa habari za watu wa kale. Bwana Joshua Mwankunda wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ndiye aliyewaza kwamba pajengwe alama kubwa ambayo dereva hawezi kuipita bila kuuliza. Wataalamu wa mifupa ya kale wakashirikiana: Nicholas Toth na Kathy Schick wa Marekani, na Jackson Njau, Mtanzania mwenzetu. Msanii wa Kitanzania, Festo Kijo, akasaidia katika kazi ya kuyatengeneza. Yakatengenezwa kwa saruji, yakawekwa juu ya jukwaa, na ubavuni mwa jukwaa pakabandikwa kibao chenye maandishi.

Mtakapofika, msikimbilie kupiga picha kama wafanyavyo wageni. Simameni kwanza. Yatazameni yote mawili, kisha yatofautisheni, kama mnavyotofautisha ng'ombe wawili mnadani.

Moja lina uso mpana sana. Mifupa ya mashavu imetokeza mbele na pembeni. Meno yake ya nyuma ni makubwa kupita kiasi. Utosini pana ukingo wa mfupa uliosimama, kama kilemba cha jogoo. Ukingo ule haukuwa pambo. Misuli ya taya ilikuwa mikubwa mno hata ikapanda mpaka juu ya kichwa, na pale ndipo iliposhikilia. Wekeni vidole juu ya masikio yenu, mtafune hewa. Mnasikia kitu kinacheza? Hiyo ndiyo misuli yenyewe. Yetu inaishia pembeni mwa kichwa. Ya yule bwana ilifika utosini.

La pili lina uso mdogo zaidi na meno madogo zaidi, na kichwa chake ni cha mviringo kidogo. Ubongo wa yule wa kwanza ungejaza nusu lita, au zaidi kidogo. Ubongo wa huyu wa pili ulizidi hapo. Wetu sisi unafika karibu lita moja na theluthi. Pimeni kwa kikombe nyumbani, mtaelewa vizuri kuliko kwa maneno yangu.

Hawa wawili walikuwa majirani. Waliishi wakati mmoja, kando ya ziwa lililokuwapo Oldupai siku zile, kabla nchi haijakauka. Siyo baba na mwana, wala mmoja hakugeuka kuwa mwingine. Hapa watu wengi hukosea, hata walioenda shule. Huyu mwenye taya kubwa si babu yetu. Jamaa yake waliendelea kuishi kwa miaka mingi sana, kisha wakatoweka, wasiache mtoto hata mmoja duniani. Huyu wa pili wataalamu wengi wanamweka karibu na ukoo wetu, ingawa bado wanabishana ni karibu kiasi gani. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mafuvu yale ni ya babu zetu wawili, mwambieni atazame tena.

Sasa nitawaambia jinsi kichwa cha kwanza kilivyopatikana, maana habari yake ni nzuri.

Tarehe 17 Julai, 1959, Bibi Mary Leakey alikuwa Oldupai pamoja na mumewe, Bwana Louis Leakey. Walikuwa wamelitafuta bonde hilo kwa miaka mingi. Zana za mawe walizipata tele, lakini aliyezitengeneza hawakumwona. Asubuhi ile mume alikuwa na homa, amelala kambini. Mke akatoka na mbwa wake wawili, akaenda kukagua mteremko mmoja bondeni. Akaona kipande cha mfupa kimechungulia udongoni. Akapangusa kidogo. Akaona meno makubwa mawili yamekaa taya ya juu, mahali pake hasa. Akarudi kambini mbio kwa gari, na mgonjwa akasahau homa yake.

Msifikiri walikitoa kichwa kizima kama mtu achimbuaye kiazi. Kilikuwa vipande zaidi ya 400. Walichimba kwa vijiti vya kuchokolea meno na brashi ndogo, wakachekecha udongo wote wa mteremko, wakaokota kila chembe ya mfupa. Kisha Bibi Mary akakaa na vipande vile akiunganisha kimoja na kingine, kama mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe naye anataka kisijulikane. Wachimbaji wao wengi walikuwa Waafrika, mafundi wa kazi hiyo. Mmoja wao, Peter Nzube, ndiye aliyegundua mwaka 1968 fuvu la aina ile ya pili, likiwa limebanwa na ardhi mpaka limekuwa bapa. Majina ya watu kama hao hayasikiki sana. Ndiyo maana nimelitaja, nanyi lisomeni tena: Peter Nzube.

Bwana Leakey alikipa kile kichwa cha mwaka 1959 jina la Zinjanthropus. Neno Zinj ni la kale, ndivyo Waarabu walivyoiita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Siku hizi wataalamu wana jina jingine, lakini watu wengi wangali wakimwita Zinji. Yule wa pili alipewa jina mwaka 1964, Homo habilis, maana yake mtu stadi, kwa sababu waliona kwamba huenda yeye ndiye fundi wa zile zana za mawe.

Magazeti ya wakati ule yalimwita Zinji mpasua njugu, kwa ajili ya meno yake. Jina likapendwa. Lakini mwaka 2011 wataalamu walipima meno ya jamaa yake waliopatikana Kenya, na vipimo vikaonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa majani na mimea ya jamii ya ndago. Ndiyo, jamii ya ndago hiyo hiyo mnayoing'oa shambani kwa hasira! Kutwa nzima anatafuna. Ndipo meno yale na kile kilemba cha mfupa vinapoeleweka.

Aliishi lini? Hapa chukueni kalamu, maana hesabu hii ni ya darasa letu. Majivu ya volkano yana madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo ya madini hayo hugeuka hewa iitwayo agoni, polepole sana, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima hewa iliyokusanyika ndani ya majivu, unajua majivu yalitua lini. Mwaka 1961 majivu ya pale Zinji alipolala yalipimwa hivyo. Jibu likawa miaka 1,750,000. Vipimo vya siku hizi vinaongeza kidogo juu yake. Andikeni: moja, saba, tano, kisha sifuri nne. Somo lake: milioni moja, laki saba na elfu hamsini. Bwana Leakey mwenyewe alikuwa amekisia kama theluthi tu ya hapo.

Namba kubwa hivi haiingii kichwani kwa kuandikwa tu. Tuipange barabarani. Tuseme kizazi kimoja ni miaka 25. Basi ndani ya miaka ile vimo vizazi 70,000. Tuwasimamishe mstari mmoja, kila mtu na mama yake nyuma yake, mita moja kati yao. Mstari utakuwa wa kilomita 70. Huo ni karibu urefu wote wa barabara ya kutoka Bariadi mpaka Lamadi. Wewe umesimama Bariadi. Nyuma yako mama yako, kisha bibi yako, kisha mama wa bibi. Wa nne labda jina lake unalijua. Mzee anayejua ukoo sana atataja kumi, naye bado hajatoka uani. Mstari unaendelea, unapita mlangoni kwako hapa Dutwa, unakwenda hata Lamadi, na yule anayesimama mwisho aliweza kumwona Zinji kwa macho yake, akitafuna ng'ambo ya maji.

Narudi kwenye sanamu. Najua hapa Usukumani kuna wazee ambao hawatapenda. Watasema mifupa ya wafu ni ya kuzikwa, siyo kuwekwa njiani wapita njia waicheke. Neno hilo si la kudharau. Jibu langu ni mambo mawili. Kwanza, pale barabarani hapana mfupa wowote, ni saruji. Fuvu lenyewe la Zinji limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, nalo lilirudishwa nchini mwaka 1965 baada ya kufanyiwa uchunguzi. Pili, ukubwa ule si wa mzaha. Fuvu la kweli lingewekwa juu ya jukwaa lile, dereva asingeliona. Angedhani ni jiwe. Msanii amekuza kitu kidogo kwa kiasi hiki ili macho yetu yakubali kusimama. Kwangu mimi kazi imefanywa vizuri. Kama nina la kulalamika, ni kwamba wengi huishia hapo hapo. Wanasimama, wanapiga picha, wanapanda gari, wanakwenda kwa simba. Kibao kimewaambia geukeni, nao wamekisoma wakaendelea moja kwa moja!

Ninyi geukeni. Kilomita chache mbele mtafika ukingoni mwa bonde. Hapo pana jumba la makumbusho jipya, lililofunguliwa mwaka 2017, na waelezaji wa Kiswahili. Kutoka ukingoni mtaona bonde chini yenu, kina chake kama mita 90, na ardhi imejipanga kwa tabaka, nyekundu, nyeupe, kijivu, kama kuni zilizopangwa na mtu mwenye subira. Tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Bonde liliitwa kwa jina la Kimasai la mkonge wa porini, oldupai, unaoota kila mahali kule. Wageni wa kwanza walilisikia vibaya wakaandika Olduvai, ndipo mtaona vibao vingine vimeandikwa hivi na vingine vile. Mahali Bibi Mary alipoona meno pana alama ndogo ya jiwe. Kwanza yale mafuvu makubwa barabarani, kisha hiki kijiwe bondeni. Mimi nilipenda kijiwe.

Sasa mambo ya mfukoni. Serengeti na Ngorongoro ni hifadhi mbili zenye mamlaka mbili, kwa hiyo kuna viingilio viwili. Raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni, lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Viwango hubadilika, basi mwalimu wenu aulize kabla hamjachanga fedha. Gari nalo lina ada yake. Darasa likienda pamoja kwa basi moja, mzigo unakuwa mwepesi. Hamtaweza kwenda na kurudi siku moja, kwa kuwa malango hufungwa jioni, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea usiku.

Mkiwa kule msiandike majina yenu kwenye sanamu. Najua mtu aliyejifunza kuandika mwaka huu mkono unamwasha. Andikeni katika kitabu cha wageni, ndicho kilichowekwa kwa kazi hiyo. Wala msiokote jiwe, hata dogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na hailindi vya Oldupai peke yake. Mtu akichimba kisima hapa Dutwa akakuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa makali upande mmoja, asilipeleke nyumbani kunolea kisu. Aliache pale pale lilipo, akamwite mtendaji wa kijiji. Kitu kikitolewa mahali pake, umri wake hautapimika tena, maana umri hupimwa kwa udongo uliokizunguka.

Wakati wangu umekwisha. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: fuvu, saruji, tabaka, potasiamu, laki. Wanafunzi wayanakili mara tatu. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili za kuwekwa kwenye kibao. Ya kwanza iwe ya chupa ya dawa ya pamba, ya pili iwe ya mafuvu ya njia panda. Picha zinafanana. Maandishi yenu ndiyo yatakayomwonyesha msomaji kwamba moja lamfukuza na jingine lamkaribisha.